Marufuku Pasipo Elimu Haitawaokoa Wanyamapori Wetu

Mwezi wa Mei mwaka wa 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi, pembe na mapambo yatokanayo na wanyama hao. Karibu miaka 50 imepita tangu wakati huo. Mtu angetarajia kwamba kwa muda wote huo nyika zetu zingefurika nyati, pundamilia na swara. Kinyume cha matarajio hayo, watafiti waliochambua hesabu za wanyama zilizofanywa kwa ndege katika maeneo makavu ya nchi walitangaza mwaka wa 2016 kwamba idadi ya wanyamapori ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka uo huo wa 1977. Sadfa hii ya tarehe inastahili kuwafikirisha wote walio na jukumu la kufundisha.

Nisieleweke visivyo. Sidai kwamba marufuku ndiyo iliyowamaliza wanyama, wala sipendekezi kwamba bunduki za wawindaji zirejeshwe nyikani. Nisemalo ni kwamba kwa nusu karne tumewaambia wananchi mambo wasiyoruhusiwa kuyafanya bila ya kuwaeleza ni kwa nini, bila ya kuwafahamisha haki walizo nazo, na bila ya kuwauliza yale wanayoyajua wao wenyewe. Elimu ya umma kuhusu uwindaji, uvuvi na uhifadhi imekuwa orodha ya makatazo. Na katazo lisilo na sababu humfunza mtu jambo moja tu: kuhakikisha kwamba askari hayupo.

Ni haki tuanze na upande unaotetea marufuku, kwa sababu hoja zake si hafifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa zaidi ya 160,000. Kufikia mwaka wa 1989 walikuwa wamebaki takriban 16,000. Mwaka huo Rais Moi aliwasha moto rundo la tani 12 za pembe katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mataifa yakakubaliana kufunga biashara ya pembe duniani, na mwanzoni mwa 1990 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, likaanza kazi likiwa na askari waliofunzwa na kupewa silaha. Hesabu ya kitaifa ya mwaka wa 2021 ilipata ndovu 36,280 na vifaru 1,739. Haya ni mafanikio, na askari waliopoteza maisha yao wakiyatafuta wanastahili heshima yetu.

Lakini zitazame tarehe hizo kwa makini. Maangamizi ya ndovu yaliendelea kwa miaka mingi baada ya marufuku ya 1977. Sheria ilikuwepo vitabuni wakati majangili walipokuwa wakimiminia wanyama risasi. Kilichobadilika baada ya 1989 ni soko la nje kufungwa na ulinzi kuimarishwa. Dawa hiyo iliwafaa ndovu na vifaru kwa kuwa adui yao mkubwa alikuwa mtu mwenye bunduki na mnunuzi aliye ng'ambo. Haiwezi kumfaa twiga ambaye njia yake ya kuendea maji imezibwa kwa ua wa seng'enge, wala pundamilia ambaye malisho yake yamegawanywa kuwa ploti, wala digidigi anayenaswa kwa mtego wa waya aliouweka kijana asiye na kazi ili auze nyama mjini. Hakuna kikosi cha askari kinachoweza kusimama kwenye kila ua na kila kichaka. Hapo ndipo kazi ya bunduki inapokoma na kazi ya elimu inapoanza.

Isitoshe, takriban theluthi mbili za wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga na hifadhi za serikali, kwenye ardhi ya wafugaji na wakulima. Maana yake ni kwamba mlinzi mkuu wa wanyama hawa si afisa aliyevaa sare bali ni mama anayelima mahindi Taita Taveta, mfugaji wa Kajiado na mzee wa Laikipia. Je, tumewapa elimu gani watu hawa?

Tuirejelee historia kidogo, kwa maana kosa tunalolifanya leo lina mizizi mirefu. Kabla ya Mbuga ya Tsavo kutengwa mwaka wa 1948, nyika ile ilikuwa ya Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu. Walikuwa wawindaji hodari wa ndovu, wakitumia pinde ndefu na mishale iliyopakwa sumu itokanayo na miti. Walijua mapito ya wanyama, majira ya maji na tabia za makundi kwa kina ambacho mgeni hangekifikia kwa kusoma vitabu. Mwaka wa 1956 na 1957 serikali ya kikoloni, ikiwatumia maafisa wa mbuga kama David Sheldrick na Bill Woodley, iliendesha operesheni kali iliyowatia gerezani wawindaji wengi. Jambo ambalo kwao lilikuwa maisha liligeuka kuwa jinai, na hakuna aliyekaa nao kwanza akawaeleza dunia imebadilika vipi, wala akawasikiliza wao.

La kufurahisha ni kwamba wapo baadhi ya maafisa wale wale waliogundua kasoro hiyo. Mnamo mwaka wa 1960 ulianzishwa mradi wa Galana, mashariki mwa mbuga, ambao shabaha yake ilikuwa kuwapa Waata nafasi ya kuwinda idadi maalumu ya ndovu kwa idhini, ili ujuzi wao uwe kazi halali. Mradi huo haukudumu, na baadaye ardhi ile ikawa ranchi ya mifugo. Kisha miaka ya 1970 na 1980 majangili wenye bunduki za kivita walipoivamia Tsavo, watu waliokuwa wakiijua kila njia ya nyika ile walikuwa wameondolewa humo zamani. Yamkini hawangeweza kuyazuia maafa yale. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba nchi inayowageuza wajuzi wake kuwa wafungwa imejinyima walimu.

Baada ya uhuru palizuka jaribio jema. Mwaka wa 1968 vilianzishwa Vyama vya Wanyamapori vya Kenya, na msukumo wake ulitoka kwa wanafunzi wenyewe. Havikuwa na mfano barani Afrika wakati huo, na nchi nyingine zikaviiga. Wengi wa walimu wanaosoma safu hii waliwahi kuwa wanachama: walipanda miti, walitazama sinema za wanyama ukumbini, walisoma jarida la Komba na walipanda basi kwenda Nakuru kuwaona heroe. Vyama hivi vimewafinyanga maafisa wengi wa uhifadhi, na sina ila shukrani kwa waliovilea.

Hata hivyo, tujiulize ni nani aliyefaidi zaidi. Safari ya mbugani inahitaji basi, basi linahitaji mafuta, na mafuta yanahitaji pesa za mzazi. Hivyo basi, mwanafunzi wa shule yenye uwezo mjini humtembelea ndovu akiwa ndani ya gari, akampiga picha, akarudi nyumbani akiwa na mapenzi makubwa kwa mnyama huyo. Mwanafunzi wa kijiji kinachopakana na mbuga hamtembelei ndovu. Ndovu ndiye humtembelea yeye. Humkuta njiani alfajiri akienda shule, au humsikia usiku akivunja ghala la mahindi ambayo yangeuzwa kulipa karo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Somo linaloimba uzuri wa ndovu kwa mtoto wa pili bila ya kuitaja hofu yake humfundisha kwamba shule haimjui.

Mtoto huyu, pamoja na mzazi wake, anahitaji kwanza kuijua sheria yenyewe, na hasa ile sehemu inayomlinda. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutekelezwa Januari 2014, iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mifugo na mazao yaliyoharibiwa yana fidia pia kulingana na bei ya soko. Aidha, kuna kamati katika kila kaunti ya kupokea na kukagua madai hayo.

Wangapi wanajua kwamba sheria hiyo hiyo inasema hakuna fidia ya mazao au mifugo kwa mtu ambaye hakuchukua hatua za kutosha kuilinda mali yake? Mkulima asiyejua sharti hili hupata hasara mara mbili: kwanza shambani, kisha ofisini. Na kwa kuwa madai yamekuwa yakirundikana hadi kufikia mabilioni ya shilingi, na familia nyingine zimengoja kwa miaka, hasira ya mwananchi humgeukia mnyama. Simba hutegewa mzoga uliotiwa sumu, na sumu hiyo haichagui. Huwaua fisi na tai waliokuja kula pia. Programu ya elimu isiyotaja fidia, jinsi ya kuidai na sababu za kucheleweshwa kwake ni mahubiri matupu.

Kutoka nyikani twende majini, kwani huko ndiko jambo hili linakodhihirika zaidi. Uwindaji umekatazwa kabisa, lakini uvuvi ni kazi halali inayolisha maelfu ya familia kutoka Lamu hadi Vanga, na kutoka Busia hadi Migori. Mvuvi haambiwi aache kuvua. Huambiwa avue vipi, lini na kwa zana gani. Iwapo kuna taaluma inayohitaji elimu ya umma, basi ni hii.

Chukua mfano wa Ziwa Victoria, ambalo Kenya ina asilimia 6 tu ya eneo lake. Kanuni zinamtaka mvuvi asichukue mbuta aliye chini ya sentimita 50 wala aliye zaidi ya sentimita 85. Msikilizaji akiambiwa hivyo tu, huona ni dhuluma: mdogo haramu, mkubwa haramu! Lakini kuna sababu, na sababu yenyewe ni nyepesi kuielewa. Samaki aliye chini ya kimo hicho kwa kawaida hajapata kuzaa hata mara moja. Ukimtoa umekula mbegu. Jike mkubwa naye hutaga mayai mamilioni. Ukimtoa umeuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya nyama. Kadhalika, miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, imekusudiwa kuwapa samaki hao nafasi ya kuzaana. Mambo haya yanaweza kufundishwa kwa nusu saa ufuoni, kwa kutumia samaki aliyepasuliwa na rula ya mwanafunzi. Badala yake, katika fuo nyingi mvuvi hukutana na kanuni mara ya kwanza siku ambayo nyavu zake zinachomwa.

Jirani zetu wa Uganda walichagua njia ya mkato. Mwaka wa 2017 walipeleka jeshi ziwani kupambana na uvuvi haramu. Wapo wanaosema mbuta walirejea kwa muda. Wapo pia wavuvi waliochomewa mitumbwi na kupigwa ambao hawatasahau. Mimi naona kwamba hofu huweza kumfukuza mvuvi majini kwa msimu mmoja au miwili, lakini haiwezi kumfanya alinde mazalio ya samaki usiku akiwa peke yake. Jambo hilo hufanywa na mtu aliyesadiki.

Hapa yafaa niwakumbushe wataalamu pia kunyenyekea. Mbuta mwenyewe si mwenyeji wa ziwa hilo. Aliingizwa wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950 na 1960, na watu waliosoma ambao waliamini wanaongeza utajiri. Mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu yalitoweka au yakaponea chupuchupu. Wavuvi wa Kijaluo waliokuwa wakizijua aina hizo kwa majina hawakuulizwa. Basi mwalimu anayekwenda ufuoni na akili ya kwamba mvuvi ni mjinga wa kufunzwa, naye ni mjuzi wa kufunza, hajaijua historia ya ziwa lile.

Je, elimu ya aina nyingine inawezekana? Inawezekana, na mifano imo humu humu nchini. Huko Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi waliona wenyewe kwamba malema yalikuwa yakirudi matupu na matumbawe yakifa. Mwaka wa 2005 walijadiliana, wazee wakiongoza, wakakubaliana kutenga hekta 30 za bahari ambazo hakuna atakayevua ndani yake. Eneo hilo wakaliita tengefu. Wengi walipinga, kwani kumwambia mtu mwenye njaa aache sehemu ya bahari si jambo rahisi. Lakini baada ya miaka kadhaa samaki walinenepa na kuongezeka ndani ya tengefu, na wengine wakavuka mpaka kwenda kunaswa nje yake. Mwaka wa 2017 jamii hiyo ilipata Tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa. Vijiji vingine vya pwani, Kwale hadi Lamu, vikatenga sehemu zao. Linganisha na juya, wavu wa kukokota ambao umepigwa marufuku tangu 2001 na ambao bado unakokotwa katika fuo kadhaa hadi leo. Katazo la juya lilitoka ofisini. Tengefu ilitoka kwenye baraza la wavuvi. Ya kwanza ina adhabu, ya pili ina wenyewe.

Mfano wa pili unatoka Gede, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi waliokuwa wakipakana na msitu huo walitaka ukatwe ili wapate mashamba, na ndovu na nyani waliokuwa wakiwaharibia mazao waondoke. Mwaka wa 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, ambapo wakulima walifunzwa kufuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa wake katika nchi za ng'ambo. Mtu ambaye mapato yake yanatokana na kipepeo, na kipepeo anategemea mti fulani, hahitaji askari wa kumkataza kuukata mti huo. Amejifunza ekolojia kupitia mfuko wake.

Wa tatu ni wa Wamaasai wa maeneo ya Amboseli. Kwa vizazi vingi moran alithibitisha ushujaa wake kwa kumwua simba kwa mkuki. Serikali ilikataza desturi hiyo miaka mingi iliyopita, na simba wakazidi kuuawa. Katazo lilipotolewa na wazee wanaowalea morani, pamoja na kuwapa jambo jingine la kushindania, mambo yalianza kubadilika. Tangu mwaka wa 2012 morani wa kanda hiyo wamekuwa wakishindana katika michezo yao ya Olimpiki ya Kimaasai: kutupa mkuki, kuruka, kurusha rungu na kukimbia. Ushujaa umebaki, simba naye amebaki. Hekima iliyo hapa ni kwamba wazee hawakuwaambia vijana kuwa mila zao ni za kishenzi. Waliwaambia kwamba mila ni mti, na mti hupogolewa ili uendelee kukua.

Wala vijana wasidhani kwamba wao ni wa kupokea tu. Richard Turere, mvulana wa Kimaasai aliyeishi kando ya Mbuga ya Nairobi, alichoka kuona ng'ombe wa baba yake wakiuawa na simba. Alitambua kwamba simba huogopa mwangaza unaotembea, akatumia betri ya gari, vipuri vya kiashiria cha pikipiki na balbu ndogo ndogo kuunda taa zinazomulikamulika kuzunguka boma. Mwaka wa 2013, akiwa bado mwanafunzi, alisimama mbele ya mkutano wa TED kule Marekani kueleza uvumbuzi wake. Huko Sagalla karibu na Tsavo Mashariki, wakulima walishirikiana na watafiti kuzungushia mashamba nyaya zenye mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu huchukia kuumwa na nyuki. Ndovu wengi waliofikia ua huo waligeuka, na mkulima akapata asali juu yake. Si dawa ya kila mahali, kwani mwaka wa kiangazi kikali nyuki huhama mizinga. Lakini ni sayansi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuichunguza nyuma ya nyumba yao.

Wapo watakaosema kwamba nchi nyingine zimefaulu kwa kuwaruhusu watu kuwinda na kuwafunza jinsi ya kuwinda. Ni kweli kwamba huko Marekani, tangu sheria ya mwaka wa 1937, kodi inayotozwa bunduki na risasi hutengwa kwa ajili ya wanyamapori, na majimbo humtaka mwindaji mpya ahudhurie mafunzo ya usalama, ya kumtambua mnyama na ya maadili kabla ya kupewa leseni. Kuiga mfumo huo mzima ni vigumu: ardhi yetu, historia yetu na silaha zilizozagaa mipakani mwetu ni tofauti. Lakini kanuni moja tunaweza kuiazima, nayo ni kwamba elimu itangulie leseni. Kwa nini mvuvi wetu asipewe mafunzo mafupi, kwa lugha anayoielewa, anapoichukua leseni yake, badala ya kuulizwa ada peke yake?

Suala la uwindaji lenyewe halitatuacha hata tukilifumbia macho. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2023, ndovu kadhaa wenye pembe kubwa waliozoeleka Amboseli waliuawa na wawindaji wenye leseni walipovuka mpaka kuingia Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii ni halali. Ndovu hana pasipoti. Upande mmoja wa mpaka ni hazina ya taifa, upande wa pili ni chanzo cha mapato ya kijiji na serikali. Je, mwalimu wa Loitokitok amjibu nini mwanafunzi anayeuliza ni upande upi ulio sahihi? Akimwambia tu kwamba Kenya ni nzuri na Tanzania ni mbaya, atakuwa amefundisha siasa. Akimwelekeza kuchunguza ni nani anayepata pesa hizo, ndovu mzee ana kazi gani katika kundi, na mkulima wa kila upande anafaidi au anaumia kiasi gani, atakuwa amefundisha uraia.

Sasa nije kwa walimu moja kwa moja. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 umetufungulia mlango ambao ule wa 8-4-4, kwa mzigo wake wa mitihani, uliubana. Katika gredi za chini kuna Shughuli za Mazingira. Mbele kuna Masomo ya Jamii, Kilimo na Sayansi. Na mwanafunzi anatakiwa kufanya huduma kwa jamii yake. Hakuna haja ya kuongeza somo jipya. Kinachohitajika ni kubadilisha swali. Badala ya kumwuliza mtoto ataje wanyama watano wa porini, mwulize ni wanyama gani waliokuwa kijijini mwake wakati babu yake alipokuwa kijana, na ni kipi kilichowaondoa. Atalazimika kumwendea babu. Mzee aliyewahi kuwinda, mzee anayejua majira ya pepo za kusi na kaskazi na samaki wa kila msimu, wote hao waalikwe darasani kama wageni wa heshima. Mwanafunzi ajifunze kujaza fomu ya kudai fidia kama anavyojifunza kuandika barua rasmi. Huenda siku moja akaijaza kwa niaba ya mama yake asiyejua kusoma.

Mwalimu atanijibu kwamba ana wanafunzi sitini darasani, hana basi, na mwongozo wa mwalimu haujafika. Malalamiko hayo ni ya haki, na serikali isiyapuuze. Ndiyo sababu ninapendekeza elimu ambayo haihitaji basi. Mto ulio karibu na shule, soko la samaki, mti wenye viota uwanjani na mzee aliye chini ya mwembe havina ada ya kiingilio. Shule zilizo jirani na mbuga, hata hivyo, zifunguliwe malango bila malipo, angaa siku moja kila muhula. Ni aibu mtoto kukua akiusikia mngurumo wa simba aliye ndani ya ua asioruhusiwa kuuvuka, ilhali mgeni kutoka nchi ya mbali anaujua mto wa ndani kuliko yeye.

Kwa upande wa serikali, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 69 inaitaka kuhimiza ushiriki wa umma katika kuyalinda na kuyasimamia mazingira. Ushiriki hauji bila ujuzi. Maafisa wa elimu wa KWS na wa idara ya uvuvi waongezwe, wafike kwenye mabaraza na misikiti na makanisa, na watumie redio za lugha za wenyeji. Ripoti za fidia zitangazwe waziwazi: nani amelipwa, nani hajalipwa, na kwa nini. Kila shilingi inayolipwa kwa wakati ni somo la uhifadhi kuliko mabango kumi yaliyochorwa ndovu.

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga, na sisi walimu tumezoea kuyatumia maneno hayo kuhusu nidhamu ya mtoto. Tuyatumie pia kwa maana pana zaidi. Mwanafunzi aliye gredi ya nne leo ndiye atakayeamua, akiwa mtu mzima, kama shamba la familia litauziwa mwenye kujenga ua au litaachwa na njia ya wanyama. Ndiye atakayeamua kama wavu wake utakuwa na matundu mapana au membamba. Hakuna askari atakayekuwa karibu naye siku hiyo. Atakachokuwa nacho ni kile tulichomfundisha, na muhula ujao, katika darasa lolote, tunaweza kuanza kwa kumweleza sababu.